Mwanakondoo Aliyenukia Ubani

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia banda la kondoo. Nafagia, natandika majani makavu, najaza maji kwenye beseni. Halafu nawafungulia, wanatoka mmoja mmoja, mikia minene inatikisika.

Kondoo hawa hawakuwa wangu. Walikuwa wa marehemu mke wangu, Tuhfa. Majike sita na dume mmoja. Mimi, Shaib, nilikata mkonge miaka ishirini na mbili hapa Mwera. Natoka alfajiri, narudi jioni nimechoka. Kondoo walizaa, Tuhfa akashughulika nao, mimi sikuona hata mmoja akizaliwa. Niliona tu wanakondoo wanarukaruka uani, kama wameota kwenye majani.

Tuhfa alifariki mwaka jana. Tulikuwa tunasubiri gari la zahanati, na gari halina mafuta. Hilo nimelisema kwenye kila mkutano wa kijiji, mpaka wakiniona nainua mkono wanatazama pembeni. Kabla hajakata roho aliniambia neno moja.

"Baba Mize, kondoo hawa ni wa Mize. Akija kujifungua mtoto wa kwanza, akitoka arobaini aondoke na kundi lake. Usimpe zizi tupu."

Nikamwahidi.

Binti yetu Mize alikuja. Akajifungua mtoto wa kike, mzima. Mama mtu hayupo, basi nikawa mimi ndiye mama. Nachemsha maji, napika uji wa pilipili manga, nawasha chetezo. Mtoto akishaogeshwa tunamfukiza ubani, asipatwe na kijicho. Ndiyo desturi yetu.

Mvua za vuli zikaanza. Kondoo nao wakaanza kuzaa.

Jumatatu asubuhi nilisikia mlio bandani. Nikakuta mwanakondoo chini, amelowa, ana utelezi mwili mzima. Mama yake anamlamba. Nikaona uchafu gani huu! Nikamchukua mbio. Nikamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikamfuta kwa kanga. Kisha nikampitisha juu ya chetezo, mara tatu, kama mjukuu wangu. Nikarudi kwa mama yake, nikamkamua yale maziwa mazito ya njano, dang'a, nikayamwaga.

Mize alikuwa mlangoni na mtoto wake.

"Baba, mbona unayamwaga? Mimi kliniki waliniambia nimnyonyeshe mtoto maziwa yale yale ya mwanzo ya njano."

"Mama yangu alisema maziwa ya kwanza ni machafu."

"Kliniki walisema ndiyo kinga yake."

"Wewe mtu, huyu kondoo. Na hao wa kliniki ndio hao hao waliokosa mafuta ya gari. Usinitajie!"

Nami nikamrudisha mwanakondoo bandani, msafi, ananukia. Mama yake akamnusa. Akarudi nyuma. Akamnusa tena, kisha akampiga kichwa, pu! Mtoto akaanguka. Kila akijaribu kunyonya, anapigwa. Kesho yake asubuhi nilimkuta amekauka.

Jumatano jike wa pili akazaa, mapacha. Nikafanya vile vile, tena kwa bidii zaidi. Ubani niliongeza. Alhamisi jioni nikazika wote wawili chini ya mkorosho.

Wallahi! Watatu kwa siku nne! Kondoo kumuua mwanawe? Nikatafuta sababu, na sikwenda mbali. Chanjo! Mwezi wa nane watu wa serikali walikuja kuwachoma sindano. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kitongoji, Zubeiri.

Aliponiona tu akashusha kikombe chake cha kahawa.

"Mzee Shaib, leo nimekuibia nini?"

"Kondoo! Mmenitilia wanyama sumu kwa sindano. Wamekuwa wachawi, wanaua watoto wao."

"Sindano nimechoma mimi?"

"Nyie wakubwa ni wamoja. Gari lenu bovu, dawa yenu mbovu. Mwite bwana mifugo aje aone alichokifanya."

"Bwana mifugo amehamishwa. Siku hizi ni bibi mifugo. Ana kata tatu na pikipiki moja."

"Basi mwite huyo bibi, kabla sijamfuata mwenyewe!"

Alikuja Jumamosi. Dada mwembamba, buti za mpira, begi mgongoni. Jina lake Leticia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa. Wamekwisha kufa watatu."

"Pole sana, baba. Nimepata habari jana usiku. Nionyeshe."

Asubuhi ile ile alikuwa amezaa jike wa tatu, yule mwenye doa shingoni, tunamwita Kidoti. Nilikuwa tayari nimemwogesha mwanawe na kumfukiza. Amesimama pembeni anatetemeka. Mama yake amempa mgongo, na kondo la nyuma bado linaning'inia.

Leticia akavaa glovu, akamwinua yule mtoto. Akataka kumtazama kitovu. Ghafla akasita. Akamnusa shingoni. Akamnusa tena.

"Baba," akasema, "huyu anaoa leo?"

Mize akaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Nimemfukiza ubani. Kuna ubaya gani?"

"Umemwogesha pia?"

"Kwa sabuni. Mimi si mtu mchafu."

"Na wale watatu?"

"Wote."

Leticia akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Baba, kondoo akizaa hamjui mwanawe kwa sura. Anamjua kwa harufu. Ule utelezi ndio jina la mtoto. Akimlamba, analisoma lile jina, na hapo hapo anamkausha na kumwamsha damu. Wewe umelifuta jina kwa sabuni, ukaandika jingine kwa ubani. Kwake yeye umemletea mtoto wa jirani."

"Na chanjo?"

"Ile ilikuwa ya ugonjwa mwingine. Chanjo haimfanyi mama amkatae mwanawe. Na dang'a amenyonya?"

Mize ndiye aliyejibu.

"Inamwagwa."

"Masikini! Mwanakondoo anazaliwa hana kinga yoyote mwilini. Kinga yake yote imo kwenye dang'a. Anyonye ndani ya saa moja au mbili tangu azaliwe. Ikipita siku, tumbo lake haliwezi tena kuipokea ile kinga."

Nilishika nguzo ya banda. Wale watatu chini ya mkorosho. Si sindano. Si Zubeiri. Mikono yangu hii.

"Huyu je?" nikauliza. "Naye nimemuua?"

"Bado. Baba, mkamate mama kichwa. Dada, nipe bakuli."

Akachukua ute wa lile kondo la nyuma, akampaka mwanakondoo kichwani, mgongoni, na zaidi chini ya mkia, mahali mama hupenda kunusa. Akamkamua Kidoti dang'a kidogo, akampaka nayo. Kitovu akakichovya kwenye iodini, ili vijidudu visipate njia. Kisha akamsogeza mtoto kwenye kiwele. Kidoti akapiga teke. Nikamshika kwa nguvu. Mtoto akatafuta, akakosa, akatafuta. Akapata. Mkia ukaanza kutikisika.

"Sasa mjengee kichumba kidogo, wawili tu, siku tatu," Leticia akasema. "Umshike mama anyonyeshe, mchana na usiku, mpaka amkubali. Maji yasikosekane."

Tukatumia mlango wa zamani na mbao mbili. Leticia akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia na mimi ninawe.

"Yule mwenye kiwele kilichojaa atazaa kesho," akasema akipanda pikipiki. "Kaa umtazame. Mikono nyuma! Itatoka miguu miwili ya mbele, na pua imelala juu yake. Kama chupa, ule mfuko wa maji, imemfunika pua, ifute apumue, basi. Akisukuma saa nzima na hujaona kitu, nipigie simu. Usivute."

Jumapili nilikaa tangu alfajiri, mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa. Umri wangu wote sikuwahi kuona. Kondoo alilala, akainuka, akalala. Kwato mbili zikatoka, nyeupe, laini kama nazi changa. Kisha pua. Kisha mtoto mzima akaporomoka na maji yake. Nilitaka kuruka. Mize akanishika kanzu.

"Mikono, Baba!"

Mama akageuka. Akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia, ya chini, ya kooni, kama mtu anayemwongelesha mtoto mchanga. Akaanza kulamba. Hajamaliza, akashuka pacha wa pili. Akawalamba wote. Nusu saa haikufika, wamesimama kwa miguu inayopishana, wananyonya. Mimi sikufanya lolote ila kuchovya vitovu kwenye iodini aliyoniachia Leticia. Na nguo zangu zikalowa ule utelezi.

Niliporudi ndani nikajinusa. Nikasimama pale pale mlangoni.

Harufu ile naijua. Ni harufu ya Tuhfa kila msimu wa kuzaa kondoo. Mimi nikirudi kutoka mkonge nilikuwa nikimwambia, "We mwanamke, kaoge, unanuka kondoo." Naye akicheka tu, hanijibu. Chetezo chake kilikuwa ndani, hakikukanyaga bandani hata siku moja. Alijua. Mimi sikumuuliza kwa miaka ishirini na mbili.

Kidoti alimkubali mwanawe siku ya tatu. Waliobaki wawili wakazaa mmoja mmoja, bila sabuni, bila moshi, dang'a yote tumboni. Mize alipotoka arobaini, mumewe alikuja na gari. Wakapandisha majike sita, dume mmoja na wanakondoo watano. Kisha Mize akataka kuwashusha Kidoti na mwanawe, aniachie mimi. Nikakataa mara mbili, ya tatu nikakubali.

Mwezi ule kukawa na mkutano. Nikainua mkono, watu wakatazama pembeni. Nikawaeleza habari ya dang'a na habari ya ubani, na wale watatu nilioua mwenyewe. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe! Na mimi mbuzi wangu namwogesha."

Zubeiri akacheka kidogo, akashika pua.

"Mzee Shaib, ahsante kwa somo. Lakini leo unanuka kondoo."

"Nanuka, ndiyo," nikamwambia. "Kosa la bandani lilikuwa langu, nimelikiri na nimelirekebisha. Sasa simama na wewe, mwenyekiti. Tuambie, gari la zahanati leo lina mafuta?"