Globu ya Bi Kidawa

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Salhiya hupitia kwa Bi Kidawa kumtungia uzi kwenye sindano. Macho ya bibi huyo yameshaingia ukungu, ila vidole vyake bado vinashona kofia zinazosifiwa hadi soko la Darajani.

"Karibu, macho yangu," ndivyo anavyomwita Salhiya kila akisikia hodi yake.

Uchochoro wao una ada yake ya sikukuu. Waya mmoja hupitishwa juu ya milango yote, na kila nyumba hutundika globu moja ya kijani. Siku ya Idd mosi, baada ya magharibi, umeme huwashwa, na watoto huzunguka mlango kwa mlango kudai vitu vitamu. Nyumba iliyofiwa karibuni haiwashi globu yake. Hapo watoto hawapigi hodi. Husema "Makiwa" kutoa pole, wakapita polepole.

Mwaka huu Mzee Sabri, baba yake Salhiya, alimpa binti yake kazi ya kuipangusa globu ya kwao.

"Ishike kama yai," alimwambia.

Salhiya akaishika kama mpira. Akairusha, akaidaka. Akairusha tena, ikamponyoka. Pa!

Akazoa vipande haraka haraka. Kisha akainua macho. Globu ya Bi Kidawa ilikuwa inaning'inia juu ya baraza ya jirani, na waya ulikuwa haujatiwa umeme. "Yule hata haoni," alijiambia. "Taa ya nini kwake?" Akapanda barazani, akaifungua, akaenda kuitia kwao.

Jioni uchochoro mzima ukawaka kijani, isipokuwa mlango mmoja. Watoto walipoufikia, Kurwa, rafiki yake Salhiya, akamvuta nguo.

"We, simama! Huoni kiza? Bi Kidawa kafiwa."

"Kafiwa na nani?" Salhiya aliuliza.

"Nnajua mimi? Labda mwanawe wa Paje, Anuar. Masikini!"

Bi Kidawa alikuwa amekaa mlangoni na kanga zake mpya, sinia la visheti mapajani. Aliposikia nyayo akatabasamu. "Karibuni wanangu! Nimekungojeni."

"Makiwa, Bi," wakanong'ona, wakapita.

Tabasamu likakatika. "Makiwa? Ya nani?" Akaliweka sinia kando. "Jamani, Anuar wangu kapatwa na nini?"

Salhiya alishafika mlango wa pili. Kashata iliyokuwa mdomoni mwake ikawa kama mchanga.

"Macho yangu, upo?" Bi Kidawa aliita. "Njoo unipigie simu Paje!"

Miguu ikakataa kwenda mbele. Salhiya akarudi, akapiga magoti.

"Bi, Anuar mzima. Hakuna aliyekufa. Ni mimi. Nimevunja globu yetu, nikachukua yako."

Bi Kidawa alivuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi." Kisha akauliza, "Kwa nini yangu?"

Salhiya akainamisha kichwa. "Kwa sababu huoni."

Bi Kidawa akageuza uso. Afadhali angemgombeza.

Salhiya akaenda kumwambia baba yake kila kitu. Mzee Sabri akazima umeme, akairudisha globu mwenyewe, akauwasha tena, halafu akamkalisha binti yake kwenye mlango wao uliobaki kiza.

"Kila atakayetoa pole, mweleze," alisema.

Wakaja wengi. "Hatukufiwa," Salhiya alirudia, uso ukimwaka. "Nimevunja globu yetu, nikaiba ya Bi Kidawa."

"Makiwa, Salhiya!" Kurwa akacheka. "Marehemu globu anazikwa lini?"

Kwa Bi Kidawa visheti vikaisha vyote.

Kesho yake alasiri Salhiya alisimama nje bila kupiga hodi.

"Ingia, nimekusikia," Bi Kidawa alisema, akamnyooshea sindano. "Ungeniomba ile globu ningekupa, na visheti juu yake. Kiza mimi nshakizoea. Kilichoniuma ni kuwa umeniibia pale pale nilipokuamini. Asiyeona hana budi kuamini, mwanangu. Basi mbele ya mtu kama huyo ndipo uwe mkweli zaidi, hata kama hakuna mwengine anayekutazama."

"Nisamehe, Bi."

"Nshakusamehe. Haya, tunga uzi, macho yangu."

Salhiya akaulenga uzi kwenye tundu, ukapita.