Mahari Iliyopotea Njia

"Swila, unanisoma?"

"Nakusoma, Mzee."

"Fuso nyeupe imetoka Kerende sasa hivi. Inakwenda Sirari. Ikivuka mpaka, kazi yetu imekwenda bure."

Wegesa Nyamhanga, ambaye redioni aliitwa Swila, alitupa redio ya Motorola kwenye kiti, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikanguruma.

Saa saba mchana. Vumbi lilikuwa limemwingia hadi kwenye meno.

Hakuwa na hasira. Hakuwa na woga. Tangu mwezi wa tatu hakuwa na kitu chochote kifuani, na daktari wa Idara ya Usalama alipomuuliza alimjibu, "Nalala vizuri, asante."

Mwezi wa tatu ndipo duara la Kerende, shimo la wachimbaji dhahabu, lilipoporomoka likafunika watu tisa. Mmoja wao alikuwa Tomaso, mdogo wake. Vilio havijaisha, katapila likaja likafukia shimo, watu wakaambiwa chini hapakuwa na mtu. Mwenye duara alikuwa Simon Matiko. Sasa anagombea ubunge. Juzi juzi tu alikuwa anauza mitumba, leo anakwenda mikutanoni na helikopta! Na ameahidi jukwaani kwamba akishinda, pale patamwagwa zege, pajengwe soko.

Uchaguzi ulikuwa umebakiza siku nne.

Idara ilitaka kujua nani anamlipia Matiko helikopta. Wegesa alitaka mdogo wake atolewe chini ya ardhi. Mzee Ogola, mkuu wake, alilijua hilo na akampa kazi hivyo hivyo.

Aliipata Fuso karibu na Nyamwaga, akaikatia njia kwa mbele. Breki zikapiga kelele. Ng'ombe wakagongana nyuma.

Glock ilikuwa mkononi kabla hajatua chini. Lakini dereva alikuwa mzee wa rika la baba yake, na adabu ni adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akaitazama bastola. "Unaniamkia na mtutu?"

Leseni ilisema anaitwa Mogesi. Pembeni yake alikaa mzungu mwenye miwani ya Ray-Ban. Huyo Wegesa alimjua: Devos, mnunuzi wa dhahabu aliyejiita mshauri wa kampeni. Idara ilikuwa na picha zake tele na ushahidi hata mmoja haikuwa nao.

"Dada, tunapeleka mahari," alisema Devos kwa Kiswahili kilichonyooka. "Kibali hiki hapa. Mheshimiwa mwenyewe amesaini."

Wegesa alisoma. *Ng'ombe ishirini. Mahari ya binti wa Mheshimiwa Simon Matiko, anayeolewa Migori, Kenya.* Muhuri. Sahihi.

Akasoma tena.

Siku alipoolewa yeye, ng'ombe ishirini waliingia uani kwa baba yake. Hawakukaa sana. Wakaswagwa kwenda kumleta Beatrice, mke wa Tomaso. Tomaso alikuwa akimtania kila wakikutana: "Dada, bila wewe ningekufa kapera."

"Binti wa Matiko ndiye anaolewa?" aliuliza Wegesa.

"Ndiyo, dada."

"Na ng'ombe wanatoka kwa Matiko?"

"Ndiyo. Baba anamlipia binti yake mahari."

Mzee Mogesi alikohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

"Baba, karatasi hii uliiona?"

"Niliiona, mwanangu. Nikanyamaza. Mimi kazi yangu usukani."

Loo! Mkurya gani anaoza binti halafu anamfuatisha na ng'ombe? Binti akiolewa, ng'ombe wanaingia, hawatoki! Devos aliandika mambo ya kwao Ulaya, ambako mali hutoka kwa baba wa binti, na Matiko akasaini bila kusoma.

Basi lori halikubeba mahari. Wegesa akapanda nyuma.

Kila ng'ombe alikuwa na kengele kubwa nyeusi shingoni. Walitikisa vichwa, kengele zikatoa mlio mzito wa kugonga gogo. Alichomoa kisu, akakwaruza moja.

Njano. Dhahabu tupu.

Kule mbele, mkono wa Devos ulikuwa unapapasa kati ya kiti na mlango. Mzee Mogesi alishaiona bastola iliyofichwa pale. Alishuka, akazunguka, akaufungua mlango wa upande wa pili na kumbamiza nao kiganjani.

"Samahani, bwana," alisema. "Mlango huu una tabia mbaya."

Wegesa alimfunga Devos pingu. Simu ya mzungu ikaita. *Matiko.* Akawasha kinasa sauti, akapokea.

"Mmevuka?"

"Bado, Mheshimiwa. Shikamoo."

Kwa mbali vipaza sauti vya mkutano vilikuwa vinaimba jina la Matiko.

"Nani wewe?"

"Mtu wa Kerende. Hivi binti yako anaolewa, na ng'ombe unatoa wewe?"

"Upuuzi gani huo?"

"Umesaini."

Matiko akashusha sauti.

"Mama, tuongee. Sema unataka nini."

"Duara la Kerende. Nani aliamuru lifukiwe na watu ndani?"

"Devos! Ni Devos! Mimi aliniletea karatasi tu, nikasaini."

Wegesa akakata simu, akamtumia Mzee Ogola sauti aliyoinasa. Alitegemea moyo wake ungefanya kitu. Haukufanya.

Saa kumi redio ikaita.

"Swila, tumemshusha Matiko jukwaani. Amri ya kufukua imetoka, katapila linaingia Kerende kesho asubuhi." Ilikuwa sauti ya Mzee Ogola. "Unajisikiaje, mama?"

"Sisikii kitu, Mzee."

Akampigia Beatrice.

"Wifi, duara linafunguliwa kesho."

Beatrice hakulia. Aliuliza tu:

"Nimletee shati gani?"

"Lile la kijani. Alilovaa siku ng'ombe wangu walipokuja kwenu."

"Nitalipiga pasi," alisema Beatrice.

Wegesa alimpa askari aliyekuja kumchukua Devos funguo za Fuso, akamuaga Mzee Mogesi, akaliendea gari lake. Ng'ombe walikuwa wameshavuliwa kengele, wanakula majani pembeni. Hakugeuka nyuma.