Pasipoti Iliyoombewa Kanisani

Kila jioni Wacera alikata majani ya nepia nyuma ya nyumba yao, Mweiga, akamlisha Nyange. Ng'ombe huyo mweupe ndiye aliyewalisha na kuwasomesha. Jumamosi hiyo, hata hivyo, Wacera aliyakata majani kwa hasira hadi panga likagonga jiwe. Nyange alikuwa anauzwa.

Aliuzwa ili Mutahi, kaka yake mkubwa, aende ng'ambo kufanya kazi ya udereva. Safari na visa vilipangwa na Mzee Kingori, kiongozi wa kwaya, ambaye ndiye angelipwa pesa hizo. Jumapili iliyotangulia, pasipoti ya Mutahi iliwekwa madhabahuni, kanisa zima likainyooshea mikono na kuiombea. Baada ya maombi kama hayo, nani angethubutu kuuliza lolote? Baba hakuuliza. Mutahi hakuuliza. Watu wazima wazima!

Garad, mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, alikuwa ameshashika kamba ya Nyange, Kingori na wazazi wakiwa kando, Wacera alipotupa panga chini.

"Mzee Kingori, hiyo visa ni ya kazi ama ni ya kutembea?"

"Ya kutembea," Kingori alijibu akicheka. "Hiyo ndiyo hutoka haraka. Akishafika, kazi atapata huko huko."

"Lakini mwalimu alituambia mtu wa kutembea haruhusiwi kufanya kazi! Akishikwa anafungwa, ama anarudishwa!"

"Wacera!" Baba alinguruma. "Unamwaibisha mtu wa Mungu? Ingia ndani!"

Machozi ya hasira yalimtoka, lakini hakuondoka. Aliyesogea ni Mama. Alichukua kamba mkononi mwa Garad.

"Kingori, huko majuu ni nani amemwandika kijana wangu? Mpigie simu sasa tumsikie."

"Ati nini? Mama Mutahi, huniamini? Si tuliomba pamoja?"

"Kuomba tuliomba. Sasa tunauliza."

Kingori alifoka, akawaita watu wasio na imani, akapanda pikipiki yake akaenda zake. Jina la mwajiri hakulitaja. Garad alitikisa kichwa, akaondoka na lori tupu.

Jumatatu Mutahi aliupigia simu ubalozi wa nchi ile. Aliambiwa waziwazi kwamba visa ya kutembea si ya kazi. Mgeni anayetaka kazi hupata kwanza mwajiri wa kweli na mkataba, kisha huomba visa ya kazi kabla ya kusafiri. Anayekwenda kusoma naye ana visa yake ya masomo. Mutahi akaanza upya, safari hii kwa njia iliyonyooka.

Jioni Baba alimkuta Wacera kwenye nepia.

"Nilikukaripia bure, mwanangu," alisema, akalichukua panga akakata mwenyewe.

"Lakini Baba, kama ningenyamaza?" Wacera aliuliza, hasira bado haijamtoka.

Baba aliendelea kukata. Aliyejibu ni Mama, akiwa ameinama kando yao akimkamua Nyange.

"Kabla mtu hajavuka mpaka, ajue visa yake inamruhusu kufanya nini. Wewe uliza tu, hata kanisani. Mungu hakasiriki akiulizwa. Aliyekasirika ni Kingori."