Kilomita za Baada ya Sifuri

Asilimia nne.

"Tafadhali chaji gari lako," dashibodi ilisema kwa upole, mara ya sita sasa.

"Nyamaza wewe!" Sindano aliifokea, akakata kona.

Mita mia tatu mbele, gari jeupe pacha wa lake lilikuwa likikimbilia daraja la mpakani. Dereva alikuwa Mrefu, muuza silaha za magendo. Asubuhi ile aliingia katika idara ya upelelezi ya akina Sindano kwa kitambulisho bandia, akaiba mkoba wenye orodha ya watoa habari wote, kisha bila haya akaondoka na gari la idara lenyewe. Jina la kumi na moja kwenye orodha lilikuwa la kaka yake Sindano, karani katika genge la Mrefu. Mkoba ukivuka daraja, kaka haoni jua la kesho.

Na betri je? Thubutu! Mtunza stoo wao kila Ijumaa jioni huchomoa chaja zote na kuzifungia kabatini, eti zisiungue. Leo Jumatatu. Miaka miwili Sindano analalamika, miaka miwili anajibiwa, "Tumelipokea."

Redio ikakoroma.

"Sindano, uko wapi?" Mkuu wake.

"Kilomita tano kabla ya daraja. Lifungeni!"

"Walinzi hawapokei simu. Wako kikaoni."

"Kikaoni? Jamani, kaka yangu atakufa!"

Alikizima kiyoyozi kuokoa chaji, jasho likamwingia machoni. Bastola yake ya Glock ilikuwa mapajani, lakini angepigaje risasi barabara imejaa watu?

Asilimia moja.

Sifuri. Taa ya manjano yenye picha ya kobe, ishara ya betri kuisha, ikawaka, gari likaishiwa nguvu, likaanza kujikokota. Sindano aliupiga usukani ngumi mpaka mkono ukamuuma.

Mbele, gari la Mrefu nalo lilipunguza mwendo, likaegeshwa pembeni. Mrefu akashuka na mkoba. Aligeuka, akaliona gari la Sindano likitambaa, akacheka. Akampa mgongo na kutoa simu.

"Nimekwama. Nileteeni pikipiki. Huyo mwanamke naye kaisha."

Hakusikia kitu. Gari la umeme halingurumi.

Mtutu wa baridi ukamgusa kisogoni.

"Weka mkoba chini, Mrefu."

"Lakini... gari lako lilikuwa sifuri!"

"Lako pia. Lina akiba ya kilomita tatu baada ya sifuri. Nimeshalala njiani mara tisa kwa sababu ya yule mtunza stoo, nazijua hata mita zake." Akamfunga pingu. "Daraja liko kilomita mbili. Ungeenda tu."

Mrefu akafumba macho kwa uchungu.

Redio tena. Mtunza stoo mwenyewe. "Dada, magari yarudi kabla ya saa kumi. Nafunga."

Sindano aliizima. Akampigia kaka yake.

"Umekula?"

"Bado. Kwani vipi?"

"Kula. Halafu leo toka kazini, usirudi tena."

Akakata simu. Akiba iliyobaki isingetosha kulifikisha gari lake idarani, kwa hiyo akaliweka gia huru na kuuacha mlango wazi ili aushike usukani akitembea.

"Sukuma," akamwambia Mrefu.

Akaanza kutembea kando ya gari, mkoba begani.