Ujumbe wa Daktari wa Meno

"Wivu ni ugonjwa wa watu wasiojiamini," alisema fundi wa mafriji, kakaa kwenye stuli, miguu kainyoosha kama mwenye nyumba. "Mimi hata aje mwanaume kabeba maua ya mchumba wangu, nitamkaribisha chai."

Mchumba mwenyewe alikuwa mbele ya kioo kirefu, ndani ya gauni la harusi lililojaa pini kuanzia kiunoni. Shangazi yake, mshonaji, alipiga magoti nyuma yake akipima pindo. Ilikuwa Jumatano. Harusi Jumamosi.

"Afadhali," mchumba akasema. "Basi shika simu yangu uniandikie ujumbe, mimi nikiinua mkono tu nachomwa. Mwandikie daktari wetu wa meno pale kliniki ninapofanya kazi. Siku ya tatu hii ana homa. Kiswahili hajui, kwa hiyo Kiingereza."

"Nianze vipi?"

"I am worried about you."

Kidole cha fundi kikagoma hewani.

"Hiyo si imezidi?"

"Basi kuna concerned."

"Zina tofauti gani?" shangazi akauliza kutoka chini.

"Worried ni roho juu, shangazi, hata usingizi huna. Concerned nayo ni kujali, lakini umevaa tai."

"Mvalishe tai!" fundi akadakia.

"Mtu yuko ugenini, hana ndugu, anaumwa peke yake. Nimwandikie kama barua ya benki? Weka worried."

"Kwa hiyo roho yako iko juu? Usingizi huna?"

"Ni kusema tu, jamani!"

"Mimi nilipodondoka ngazini na friji la mteja, uliniandikia nini?"

"Pole."

"Pole! Herufi nne! Tena bila nukta!"

"Nilikuja kukukanda mguu wiki nzima!"

"Lakini hukuandika."

Shangazi akacheka mpaka akashika sakafu. "Mkwe, wewe mkaribisha watu chai, hebu andika tumalize."

Fundi akainamia simu. Akaandika kwa muda mrefu kuliko urefu wa sentensi yenyewe.

"Imeenda. Worried, kama ulivyotaka mpenzi."

Dakika mbili tu, simu ikalia. Fundi akasoma jibu, uso ukamshuka.

"Anasema nini?"

"Anashukuru."

"Mbona umekunja uso? Lete."

Mchumba akaipokonya simu, pini zikimchoma asijali. "Mungu wangu! Anauliza kama amefukuzwa! Eti tutafute daktari mwingine, yeye anafungasha!" Akapandisha skrini kwa kidole hadi ujumbe uliotumwa. "'The office is concerned about your absence. Explain yourself.' Ofisi? Ajieleze? Nani kaandika haya?"

"Simu za siku hizi zinajirekebisha zenyewe."

"Mpaka zinadai maelezo?"

"Teknolojia, mpenzi."

Shangazi akasimama, magoti yakalia. "Mkwe, Kiingereza sikijui, ila macho ninayo. Nimekuona kwenye kioo. Umeandika, umefuta yote, umeandika upya, ukacheka peke yako. Simu haicheki."

Fundi akatazama viatu vyake.

"Kliniki nzima ina daktari mmoja," mchumba akasema. "Akiondoka, nitapokea wagonjwa wa nani? Na Jumamosi naolewa na wewe, au na mtu wa kujibu simu zangu?"

"Ni wivu," fundi akanong'ona.

"Sisikii."

"Wivu! Kila jioni daktari kasema hivi, daktari kacheka vile! Nami nakaa hapo kama kabati!"

"Mwandikie hivyohivyo. Kwamba ni wewe, na sababu yako. Ukikataa, shangazi anachomoa pini zote sasa hivi na Jumamosi hakuna kitu."

Fundi akachukua simu kwa mikono miwili, akaandika: I am her fiancé. I wrote that message because I am jealous.

Neno la mwisho, wivu wenyewe, likamkodolea macho. Akalitazama. Akageuza kichwa, akamwona mchumba anafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kidole kikarudi nyuma taratibu, herufi moja moja, kikaweka concerned.

"Nimemaliza," akasema kiungwana.

"Usimwamini, mwanangu!" shangazi akapaza sauti, kidevu chake kikiwa juu ya bega la mkwe. "Lile neno la mwisho kalifuta, kaweka refu zaidi!"