Shusha Presha Kwanza

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake, Baba Pacha aliosha kijiko. Si kijiko cha chai, jamani! Ni kijiko cha kazi: mtambo mdogo wa kuchotea udongo, wenye kiti cha mtu mmoja, mikono miwili ya chuma mbele, na minyororo ya mpira badala ya magurudumu. Aliosha vioo. Aliosha taa. Kitini alitandika kitambaa cha kufuma ambacho mkewe alikuwa amekitafuta wiki nzima.

"Mimi nilipougua hukuniosha hivyo," alisema Mama Pacha.

"Kijiko ndicho kinachotulisha, mke wangu."

"Na anayepika ni nani? Beleshi?"

Ukweli ni kwamba Baba Pacha aliosha kile kinachoonekana. Ile mipira myeusi inayopeleka mafuta kwenye mikono ya mtambo hakuitazama hata siku moja. Viungo vya chuma vilivyo kwenye ncha za mipira vilikuja na vifuniko vya kuzuia vumbi. Kifuniko kimoja sasa kiliziba chupa yake ya chai. Vingine, hata yeye hakujua vilikokwenda.

Kijiko chenyewe kilikuwa mali ya mama mkwe. Mama mkwe alikuwa na mabinti wawili, wakwe wawili, na kijiko kimoja. Hapo ndipo palipomkosesha Baba Pacha usingizi, maana mwanyumba wake, yaani mume wa shemeji yake, aliumezea mate ufunguo wa mtambo tangu siku ya kwanza Baba Pacha alipokabidhiwa. Na mama mkwe alishasema wazi, wala hakumung'unya maneno:

"Jumamosi njoo unichimbie mashimo ya nguzo za uzio. Nitakuja na kiti changu, nikae, nitazame. Kazi ikienda, ufunguo unabaki kwako. Ikikwama, ufunguo unahama."

Jumamosi ikafika. Baba Pacha na mkewe walitangulia kiwanjani. Kuchimba mashimo ya nguzo kunahitaji keekee kubwa, ile inayozunguka na kutoboa ardhi. Keekee inafungwa mbele ya mtambo, kisha mipira yake inaunganishwa na ya mtambo kwa viungo viwili viwili, dume na jike. Dume likiingia vizuri ndani ya jike, unasikia "ta!", na mafuta yanapita.

Keekee ilikuwa imelala juani tangu asubuhi. Baba Pacha akashika dume, akasukuma. Halikuingia. Akasukuma kwa tumbo. Akalibembeleza. Akalitukana.

"Labda hawa wamegombana," alisema Mama Pacha. "Waitie wazee."

"Nyamaza, mke wangu. Jasho linanitoka hapa!"

Akachukua nyundo. Akaligonga dume mara ya kwanza, mara ya pili. Dume likabonyea pembeni, na ndani halikuingia. Ndipo akampigia simu fundi mitambo, mama mmoja ambaye watu wote walimwita Bi Tone, kwa sababu akiona tone la mafuta chini ya mtambo hapiti mpaka ajue limetoka wapi.

"Bi Tone, dume linakataa!"

"Usilipige nyundo."

Baba Pacha akaificha nyundo nyuma ya mgongo, utadhani simu ina macho. "Nani kapiga nyundo?"

"Shusha presha kwanza. Presha ikishuka, litaingia bila ubishi. Nakuja." Simu ikakatika.

Shusha presha! Baba Pacha akajishika kifuani. Kweli, moyo ulikuwa unadunda kama ngoma. Yule mama anajua watu, aliwaza. Kanisikia sauti tu, kajua nimepandisha. Basi akaenda kivulini, akalegeza mkanda, akavua viatu, akajilaza chali. Mkewe akamlowanishia kitambaa, akakiweka juu ya paji la uso. Baba Pacha akafumba macho, akavuta pumzi polepole, akaitoa.

Mama mkwe akamkuta katika hali hiyo.

"Huyu vipi?"

"Anashusha presha, mama," alijibu Mama Pacha. "Fundi ndiye kamwambia."

Kiti kikamponyoka mama mkwe. "Presha! Mkwe wangu ana presha na mimi sijaambiwa? Mimi ninayemeza vidonge vya presha kila siku ya Mungu?" Akapekua mkoba wake. "Fungua mdomo, baba."

"Mama, shikamoo, lakini mimi sijambo..."

"Sote tunasema hatujambo. Fungua!"

Mama Pacha akamshika mkono. "Mama, dawa uliyopewa wewe haimezwi na mtu mwingine. Mpaka apimwe."

"Haya, mwanangu, hapo umesema kweli. Lakini mwenye presha haendeshi mtambo. Lete ufunguo. Nitamwita mwenzio."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Mwanyumba alichomoza kwenye kona ya ukuta, amevaa buti mpya na kofia ngumu ya kazi. "Nilikuwa napita tu," alisema.

Baba Pacha alitoa ufunguo mfukoni, akampa mama mkwe, naye akampa mwanyumba. Alitaka kulia, na angelia kweli kama mwanyumba asingekuwa anamtazama. Mtambo aliouosha kwa mkono wake! Akaketi kwenye udongo na viatu vyake pembeni.

Bi Tone akafika na pikipiki yake, sanduku la vifaa limefungwa nyuma. "Nasikia kuna mgonjwa. Nani?"

"Mkwe wangu. Presha," alisema mama mkwe.

"Masikini! Kapimwa na nani?"

"Si wewe?"

Bi Tone akamtazama Baba Pacha, kitambaa bado kinamning'inia usoni. Akaelewa. Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake. "Uwiii! Presha ya mafuta, baba! Presha iliyo ndani ya mpira! Sikusema ya kwako!"

Mama Pacha naye akaangua kicheko. Baba Pacha akavaa viatu haraka, kushoto kwenye kulia.

"Sogea nikuonyeshe," alisema Bi Tone akijifuta machozi. "Mafuta yakipigwa na jua yanavimba. Hayana pa kutokea, kwa hiyo yanasukuma kiungo kwa ndani. Wewe unasukuma huku, yenyewe yanasukuma huku. Hutayaweza hata ukila ng'ombe mzima."

"Sasa nifanyeje?"

"Teremsha mikono ya mtambo, itue chini. Zima injini. Washa swichi tu, injini ikae kimya, halafu sukuma kitufe cha keekee huku na huku mpaka presha iishe. Kila mtambo una njia yake, kwa hiyo kisome kile kitabu chake. Unacho?"

"Kiko chini ya mguu wa kabati. Kabati lilikuwa linayumba."

"Mungu wangu! Kitoe huko leo leo. Na keekee uwe unailaza kivulini."

Presha ya mtambo ikashushwa hivyo hivyo, na ya upande wa keekee Bi Tone aliitoa mwenyewe. Alivaa miwani na glavu, akafunika kiungo kwa kitambaa, akakilegeza kidogo kidogo. Kisha akalichungulia lile dume.

"Mchanga wote huu! Unataka kupanda karanga? Chembe moja ikiingia humu inasafiri na mafuta mpaka kwenye pampu, inakwaruza njia nzima. Futa kwa kitambaa safi, dume na jike, kabla ya kuunganisha. Ukitenganisha, ziba papo hapo. Vifuniko viko wapi?"

Watu wote wakaitazama chupa ya chai.

"Kumbe ndiyo maana chai yako inanuka gereji!" alisema mkewe.

Bi Tone alilitoa dume lililobonyea, akafunga jipya. Baba Pacha akafuta, akasukuma. Ta! Bi Tone akamwambia avute kidogo kuhakikisha limeshika. Kisha akaupitia kwa macho mpira mmoja baada ya mwingine, akasimama penye mkono wa mtambo.

"Huu umesuguana na chuma. Ganda limeisha, nyaya za ndani zinachungulia. Mtambo hauwashwi mpaka nibadilishe. Na sikiliza, Baba Pacha. Siku ukitafuta panapovuja, usipapase kwa mkono. Mafuta haya yakitokea kwenye tundu dogo la sindano, yanapenya ngozi. Unaona kidoti tu, unasema si kitu. Baadaye mkono unavimba, na ukichelewa hospitali unakatwa. Pitisha kipande cha boksi, usimame mbali."

Baba Pacha alisikiliza mpaka mdomo ukabaki wazi. Mwanyumba hakusikiliza. Alikuwa kitini, anajipiga picha. Bi Tone alipokwenda kwenye pikipiki kutafuta mpira mpya, yeye akaona muda unapotea. Akawasha, akakanyaga mafuta, akainua mikono ya mtambo.

Ukungu mwembamba ukaanza kutoka kwenye ule mpira. Mama mkwe, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, akainuka kitini.

"Mbona hapa panatoka moshi?" aliuliza, akanyoosha kidole.

Mkwe hamshiki mama mkwe. Hamsukumi, hampigii kelele, wala kumkodolea macho. Baba Pacha alilijua hilo tangu siku ya posa. Lakini alimrukia kama golikipa, akamkumbatia kiunoni, wakabwagana chini wote wawili na kiti juu yao.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima, usiguse kitu!"

Injini ikanyamaza. Mama mkwe akaketi vumbini, kilemba kimemfunika jicho moja.

"Umenibwaga! Mimi! Mama wa mkeo!"

"Nisamehe, mama. Mkono wako, mama. Hebu nione mkono wako."

Mkono ulikuwa mzima. Lakini Bi Tone, aliyekuja mbio, akaokota lile boksi lililomponyoka mama mkwe likapita mbele ya ukungu. Lilikuwa limechanika mstari mwembamba, safi, kama wa wembe. Akamkabidhi.

Mama mkwe akalitazama boksi. Akakitazama kidole. Kisha akamgeukia mwanyumba.

"Wewe juu huko, shuka."

"Mama, mimi nilitaka tu kusaidia..."

"Shuka, na ufunguo mpe mwenyewe."

Bi Tone akafunga mpira mpya, wa urefu uleule na wenye kustahimili presha ileile, akahakikisha haujisokoti wala haugusi chuma. Mashimo yakachimbwa yote siku hiyo hiyo.

Siku hizi Baba Pacha huanza asubuhi na mipira, ndipo vioo. Anatafuta penye jasho la mafuta, penye mpasuko, penye uvimbe. Viungo anavifuta, vifuniko anavihesabu, na mpira uliochoka anaubadilisha kabla haujapasuka. Mtambo haujalala gereji tangu siku ile, na watu wanautafuta wenyewe kwa kazi.

Na mama mkwe akiulizwa na jirani zake kama ni kweli mkwewe alimbwaga chini mchana kweupe, hakatai. Anainua mikono yote miwili juu, wamwone.

"Nina vidole vyangu vyote kumi," huwaambia, "kwa sababu siku hiyo mkwe wangu alikosa adabu."