Sisi Hatupaliwi

Jua lilikuwa linazama Bi Kinu alipotumwa dukani kwake mwenyewe.

"Kalete pilipili kavu," mama yake alimwambia. "Zile kali. Leo tunamchomea mtoto."

Bi Kinu alikuwa ametwanga na kuuza viungo tangu ujana wake, hata jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika. Kibanda chake kilikuwa mwisho wa uchochoro, si mbali. Lakini jioni ile miguu ilimwia mizito, kwa kuwa alijua pilipili zile zinakwenda kumtafuta nani.

Mtoto wa kaka yake alikuwa amekataa ziwa. Mtoto aliyekuwa mnene wa kupendeza, leo mbavu zake zinahesabika. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Mama yake Bi Kinu, ambaye ndiye bibi wa mtoto, akasema hilo ni jicho, na dawa ya jicho inajulikana. Konzi ya pilipili kavu na chumvi ya mawe huzungushwa juu ya kichwa cha mtoto, bila kusema neno, kisha hutupwa kwenye makaa. Moshi ukiwapalia wote, nyumba ni salama. Akiwepo asiyekohoa... jicho ni lake.

Na Bi Kinu alikuwa na lake moyoni.

Siku moja wote walikuwa ukumbini. Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa amepika, na sifa zilimwagika: mchuzi huu, wifi, una mkono wewe! Hakuna aliyekumbuka mkono uliokaanga bizari ile na kuitwanga. Kisha mtoto akaletwa kutoka kuoga, na sifa zikahamia kwake. Bi Kinu akamtazama, akasema, "Mashavu yote haya ya nini? Si ayapunguze kidogo?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Moyo wake haukucheka. Kesho yake mtoto akakataa ziwa.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" alijiuliza njiani. Uso ulimwaka kwa aibu ingawa uchochoroni hapakuwa na mtu.

Alifungua kibanda. Mlango ulilia... kwiii. Ndani kulikuwa na giza na harufu alizozizoea za karafuu, iliki na mdalasini. Halafu ikaja nyingine, ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Akasikia pumzi.

Hhhh... hhhh...

Kulikuwa na mwanamke ameinamia gunia la pilipili, mtandio umemshuka hadi kwenye nyusi. Uso wote alikuwa ameuzamisha ndani ya gunia, anavuta hewa taratibu kama mtu anayenusa nguo ya mwanawe. Ameingiaje, na kufuli limetoka kufunguliwa sasa hivi?

"Dada..." Bi Kinu alinong'ona. "Dada, utapaliwa."

Mwanamke aliinua kichwa. Vumbi jekundu lilikuwa limemjaa puani na kwenye kope. Macho yalikuwa makavu.

"Sisi hatupaliwi," alisema kwa sauti ya chini. Akapita ubavuni mwa Bi Kinu bila kumgusa, na alipofika mlangoni akaongeza, "Msalimie mama."

Bi Kinu alichungulia nje. Uchochoro ulikuwa mtupu.

Alichota konzi ya pilipili, na papo hapo akaanza kupiga chafya moja juu ya nyingine. Hayo yalikuwa mazoea yake. Majirani walikuwa na utani kwamba Bi Kinu akifungua gunia, mtaa mzima humwambia pole. Chafya zile zilimpa moyo. Alichagua zilizo kali kupita zote, zile nyembamba zenye mbegu nyingi, akiwaza kwamba kwa ukali huo hakuna atakayesalimika, na wote wakikohoa hatatafutwa mtu. Akakimbia nyumbani. Salamu zilimtoka kichwani.

Ukumbini makaa yalikuwa yameshika. Kaka yake alikaa karibu na dirisha lililofungwa. Wifi alimpakata mtoto. Mama alipokea pilipili bila neno, akaziba pua na mdomo kwa upindo wa kanga kama alivyozoea akiwa jikoni, akazungusha konzi juu ya kichwa kile kidogo, akatupa.

Tss... tsss...

Moshi ulipanda mweusi. Kaka ndiye aliyeanza, akakohoa mpaka akapiga magoti. Wifi akafuata huku machozi yanamtiririka. Mtoto akakohoa kikohozi chembamba. Mama alijikunja nyuma ya kanga yake, mabega yakiruka.

Bi Kinu alivuta pumzi.

Hakusikia kitu.

Alivuta tena, kwa nguvu. Moshi ulipita kooni mwake kama maji ya mtungini. Akajikohoza kwa uongo, na hata yeye aliona kikohozi kile hakifanani na cha wenzake.

"Wifi," alisema mke wa kaka akijifuta macho, "mbona wewe...?"

"Nimezoea," alijibu haraka. "Aliyekulia jikoni atauogopa moshi?"

Kaka alicheka katikati ya kukohoa. "Huyu? Pafu lake lenyewe ni kinu!"

"Ni kazi yake hiyo, mwacheni," mama alisema nyuma ya kanga.

Basi wakaacha. Lakini baadaye, walipokuwa wawili tu wakiosha vyombo uani, mama alimsogelea. "Mwanangu, aliyemtazama mtoto akisema kwa mdomo wake mwenyewe, jicho hufumba. Asiposema..." Aliendelea kusugua sufuria.

Bi Kinu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama amejua! Usiku usingizi haukuja. Asubuhi mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia, na alipoinuliwa mkono, mkono ulianguka ukabaki ulipoangukia. Hapo akaona kwamba aibu yake, hata ikiwa kubwa namna gani, haifiki bei ya mkono ule.

Alimfuata wifi chumbani akapiga magoti.

"Wifi, ni mimi. Nilimwonea kijicho. Yale mashavu... sikuwa natania. Nilitaka yapungue kweli."

Wifi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimvuta mtoto kifuani polepole, kama mtu anavyoondoa kitu karibu na moto, akasema, "Tuchome tena."

"Ya nini tena?" mama aliuliza kutoka mlangoni. "Mwenye jicho kashasema. Yamekwisha."

"Tuchome, mama. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Wakachoma. Tss... na moshi ukampiga Bi Kinu kama kofi. Alikohoa! Koo liliwaka, macho yalimwagika, kamasi zikamtoka bila adabu, na katikati ya mateso yale alikuwa anacheka. Kaka alikohoa. Wifi alikohoa. Mtoto alikohoa, akalia kilio cha nguvu, akageuza kichwa kutafuta ziwa. Akalipata. Akanyonya.

Wifi alilia kwa sauti. Kaka akamshika yeye na mtoto wote pamoja, wakatoka kutafuta hewa.

Moshi ulibaki ukumbini. Kipepeo cha makaa kilikuwa bado kinapiga.

Fwap... fwap...

Mama alikuwa ameinamia jiko anapepea. Kanga ilikuwa imemwanguka begani bila yeye kujua. Mdomo ulikuwa wazi, pua wazi, moshi unamwingia na kumtoka taratibu.

Hhhh... hhhh...

Macho yake yalikuwa makavu.

Ndipo zile salamu zikamrudia Bi Kinu.

"Mama," alinong'ona. "Jana dukani... kuna mtu alikusalimia."

Kipepeo kilisimama.

"Alinusa gunia?" mama aliuliza.

Bi Kinu aliitikia kwa kichwa. Harufu ya majivu yenye maji ilikuwa imejaa ukumbini, na makaa yalikuwa bado mekundu.

"Wewe umesema, umepona," mama alisema akitazama sakafu. Alionekana mdogo ghafla, na mzee sana. "Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Mimi nikianza, mwanangu, nianzie kwa mtoto wa nani?"

Bi Kinu alikumbuka jeneza dogo alilowahi kuliona mtaani. Kisha akakumbuka jingine.

"Usinifedheheshe," mama alisema. "Aibu yangu si ndiyo yako?"

Kutoka uani wifi aliita, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. "Mama! Njoo umshike mjukuu wako nikaoge. Ameshiba huyu, ona mashavu!"

Mama alivuta kanga, akajifunika vizuri, akafuta mikono. Alipopita alimgusa bintiye shavuni. Bi Kinu alifungua mdomo ili aite kaka, aite wifi, aseme. Aliwaza mama yake akisimamishwa mbele ya majirani. Aliwaza watu wakisema, kumbe hata binti ni wa uzao ule.

Akafunga mdomo.

Uani mtoto alicheka. Ukumbini moshi wa pilipili ulikuwa bado mzito, na Bi Kinu alisimama katikati yake, akivuta pumzi moja, ya pili, akingoja kikohozi.

Koo lake halikuwa linawasha tena.